Wimbi Tulioanika kwa Jirani

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye kinu cha kusaga unga hapa Majimbo, mjini Embu ninakoishi siku hizi, nikamkuta mama mmoja akimimina karai la wimbi kwenye mdomo wa mashine. Haukuwa wimbi wa kawaida. Ulikuwa umeloweshwa ukachipua, kisha ukaanikwa, kila punje na kijimkia chake kilichonyauka. Kimea, kile cha uji au cha pombe. Alisema ni wa uji wa mjukuu anayeachishwa ziwa, na sina sababu ya kutomwamini. Lakini ile harufu, rafiki yangu, harufu tamu yenye uchachu kwa mbali, ilinichukua. Nilitembea hadi nyumbani bila kumwona mtu yeyote njiani, maana miguu ilikuwa Majimbo na mimi nilikuwa juu kule mlimani, zaidi ya Kianjokoma, nina miaka kumi na miwili na ungo wa wimbi kichwani.

Kama hujafika kule juu mwezi wa saba, sijui nikuelezeje ule ukungu. Ulishuka kutoka msituni kabla hatujaamka, ukakaa juu ya majani ya chai kama mgeni asiyejua kuaga. Sweta ilifuliwa Jumamosi ikavaliwa Jumatatu ikiwa bado na umajimaji kwenye mikono. Tulichuma chai kabla ya kwenda shule, majani mawili na chipukizi, vidole vimekufa ganzi, na utomvu wake ukatuachia viganja vyeusi ambavyo mwalimu hakuvikagua kwa sababu na vyake vilikuwa hivyohivyo. Ilikuwa miaka ile ya maziwa ya bure shuleni, yale ya pakiti zenye pembe tatu. Tuliyapasha moto kwa kuyaweka kwapani. Jioni tulikaa jikoni kwa nyanya, sufuria ya githeri, mahindi na maharagwe, ikitokota, moshi ukitutafuta popote tulipohamia.

Nililelewa na nyanya, mama yake baba, kwa kuwa wazazi wangu walifanya kazi mbali. Nilibeba jina lake, kama desturi yetu inavyotaka kwa binti wa kwanza, naye hakuniita mjukuu hata siku moja. Aliniita wajina. Alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani, mwanamke mrefu mwenye kitambaa cheupe kichwani kilichopigwa pasi ya makaa kila Jumamosi. Alinichapa mara moja tu maishani. Nilikuwa nimelamba sukari, na nilipoulizwa nikasema si mimi. "Sikuchapi kwa sukari," aliniambia huku akitafuta fimbo bila haraka. "Sukari ni yako. Ni hilo 'si mimi' ninalolichapa." Nililia, nikaamini. Mpaka leo naamini kwamba siku ile alimaanisha kila neno.

Chini ya boma letu aliishi jirani, mjane asiye na mtoto. Mumewe alimwachia shamba ambalo nusu yake ilikuwa mwamba mtupu, jiwe tambarare, pana kama sakafu ya kanisa. Watu walicheka kwamba yule marehemu alioa mke akampa jiwe alime. Lakini jiwe lile lilikuwa mahali pekee kwenye mgongo wetu wa mlima palipokuwa na jua. Lolote lililopenya ukungu kwa saa mbili za adhuhuri, jiwe lililinywa na kulitunza. Kwa hiyo wanawake wote walianika kwake: maharagwe, mahindi, blanketi za watoto wakojozi. Walimwachia wakaenda kuchuma chai, naye akashinda akigeuza vitu vya watu, akifukuza kuku, akivifunika kwa karatasi ya nailoni manyunyu yalipoanza. Hakumtoza mtu chochote. "Jua si langu," alisema. "Langu ni jiwe, na jiwe haliliwi." Kisha alicheka, na alipocheka ulisikia hadi ng'ambo ya mto.

Alikuwa mtu wa Gachoka, kule chini kwenye joto, kwa Wambeere, ambako chai haimei na wimbi unamea. Kila baada ya mavuno ndugu zake walimpandishia gunia. Watu wetu wa juu waliwasema watu wa chini kuwa wapenda pombe, kama vile majirani popote wanavyosemana. Yeye na nyanya waliitana "mke mwenzangu", maana waliolewa katika ukoo mmoja, na kwetu hilo linatosha kuwafanya watu wake wenza hata kama waume ni wawili na mmoja amekwisha kufa.

Mwaka huo nilipokuwa na miaka kumi na miwili tulikuwa darasa moja, mimi na jirani. Usicheke. Askofu alikuwa anakuja mwezi wa nane. Sisi watoto tulikuwa tunajiandaa kuwekewa mikono, yaani kupata kipaimara. Yeye, ambaye mumewe hakutaka kusikia habari za kanisa, alikuwa anajiandaa kubatizwa, kisha awekewe mikono siku hiyohiyo. Kila Jumamosi alasiri alijikunja kwenye benchi la watoto, magoti yakigonga mbao za mbele. Mwalimu wetu alikuwa mwinjilisti aliyetoka Meru. Alifundisha kwa Kiswahili kwa kuwa Kimeru chake kilituchekesha na Kiembu chetu kilimshinda. Kwa mama yule Kiswahili kilikuwa mlima mwingine. Hakujua kusoma, na alikiokota kama mtu anayeokota kuni za mvua.

Mvulana mmoja alimuuliza jirani siku moja, kwa sauti ya kutusikilizisha sote, "Nyanya, wewe umerudia darasa mara ngapi?"

"Wewe kijana," alimjibu bila kugeuka, "kabla Askofu hajaweka mkono yake juu ya hiyo kichwa, enda kwanza uoshe." Hata mwinjilisti aliinama akajifanya anatafuta chaki.

Mimi ndiye niliyemfundisha kwa mdomo, juu ya jiwe lake, nikitoka shule. Nilisema nusu ya jibu, naye akairudia. Kisha alinitazama midomo ikiwa imeachama kidogo, akingoja nusu ya pili. Amri kumi alizihesabu kwa vidole, na aliipenda ile inayokataza kumsingizia jirani. "Hii ni fupi," alisema, "lakini inaweza kula siku mzima." Alishaona kitambaa cheupe sokoni Kianjokoma akakinunua, fundi akamshonea gauni. Alinionyesha likining'inia ukutani, limefunikwa kwa kanga kuukuu ili moshi usiliguse. Alikuwa hajalivaa hata kulijaribu. Alisema atalivaa mara ya kwanza akiwa na jina jipya.

Sasa sikiliza jinsi mambo mema yanavyoweza kugongana. Baba yangu mdogo, mtoto wa mwisho wa nyanya, alikuwa amepata mchumba, mwalimu wa shule ya msingi wa mgongo wa pili wa mlima. Wazee wa ukoo walikwenda kuposa na kreti mbili za soda, kwa sababu nyanya alikuwa mtu wa kanisa na alikwisha kusema nyumbani kwake pombe haipikwi. Kreti zilirudi zikiwa hazijafunguliwa. Baba wa binti aliwaambia kwa upole kwamba soda ni ya kupoza watoto wa shule, na kwamba yeye angependa kuzungumza na watu wazima. Bila pombe ya wimbi hapakuwa na mazungumzo. Bila mazungumzo hapakuwa na harusi, na baba mdogo alikuwa ameanza kukonda.

Siku tatu zilipita. Siku ya nne nilimkuta nyanya stoo akilowesha wimbi alioununua sokoni. Siku chache baadaye wimbi ukachipua, akawa na tatizo ambalo kila mwanamke wa kule juu analijua: kimea kisipokauka upesi huota ukungu na kuoza, na jua halikuwapo. Lilikuwapo mahali pamoja.

"Wajina," aliniambia akitazama moto, "mpelekee mke mwenzangu huu wimbi aniangalizie. Mwambie ni wa uji."

Nilijua si wa uji. Usiku nililala ng'ambo ya ukuta na wazee waliokuwa wakibishana kuhusu posa.

Jirani aliupokea ungo, akachukua punje moja, akaiuma kwa meno ya mbele. Mtu wa Gachoka hawezi kudanganywa kuhusu wimbi. Alicheka hadi akakaa chini. "Uji huu," alisema, "utawaimbisha wazee." Kisha akakoma kucheka, akasema, "Mwambie wajina wako nimepokea uji wake." Tukautandaza pamoja. Jiwe lilikuwa vuguvugu chini ya nyayo zangu.

Ulikaa pale siku tatu. Siku ya pili nilikuwa kwake, yeye amepiga magoti akiugeuza kwa kiganja, alipopita mzee mmoja wa kanisa akitafuta ndama wake aliyepotea. Alisimama ukingoni mwa jiwe. Aliinama, akanusa, akajiinua.  Alimsalimu jirani kwa adabu, akaendelea kumtafuta ndama.

Kwetu sheria ilikuwa moja na ilijulikana: mtu anayepika pombe habatizwi, na aliyebatizwa akipika hukatazwa meza ya Bwana na kuondolewa katika uongozi. Jumamosi iliyofuata, darasa lilipoisha, mwinjilisti aliwaruhusu wengine wote akamwomba jirani abaki. Akaniambia na mimi nibaki. Waliingia wazee wawili wa kanisa, mmoja wao yule wa ndama, na nyanya kama kiongozi wa akina mama. Ukungu uliingia nao kupitia mlangoni. Kanisa letu lilikuwa la mbao, na mtu alipovuta pumzi mbao zilikuwa kana kwamba zimesikia.

Mwinjilisti alikuwa mtu mpole. Alimuuliza kama wimbi uliokuwa juu ya jiwe ulikuwa wake.

"Si yangu," alisema jirani.

"Basi ni wa nani, mama?"

"Mwenyewe yuko. Atasema."

Hakumtazama mtu. Aliweka mikono mapajani, akangoja. Mbali chini lori la chai lilikuwa likipanda, likibadilisha gia, na tulilisikiliza wote kana kwamba ndilo lililoulizwa swali. Nyanya alikuwa akitazama kucha zake.

Yule mzee wa ndama akasema kwamba sisi huku hatulimi wimbi, kila mtu anajua, na kwamba huyu mama ndiye hupandishiwa magunia na ndugu zake kutoka Gachoka. Alilisema kama mtu anayejumlisha mbili na mbili. Mzee wa pili aliitikia kwa kichwa. Hakuna aliyesema kwamba jiwe lile lilikuwa la kila mtu, kwamba hata maharagwe ya wake zao yalikuwa yamekauka pale wiki hiyohiyo.

Kisha mwinjilisti akanigeukia. Alisema mimi ni kama mtoto wa boma lile, kwamba sina deni na mtu, kwamba Mungu anasikia. "Ulimwona nani na wimbi ule?"

Nimelipitia jibu langu mara nyingi kuliko sala yoyote niliyowahi kufundishwa. Ningesema nyanya, angevuliwa kitambaa mbele ya kanisa zima, na harusi ya baba mdogo ingekuwa aibu ya mgongo mzima wa mlima. Ningesema sijui, ungekuwa uongo, na nilikwisha kuchapwa kwa uongo. Nilikuwa mtoto mwerevu. Nikatafuta kati ya hayo mawili, nikapata kitu ambacho kilikuwa kweli.

"Nilimwona yeye akiugeuza," nikasema.

Jirani alinigeukia. Hakuwa na hasira. Midomo yake ilikuwa imeachama kidogo. Alinitazama vile alivyonitazama juu ya jiwe nilipokuwa nimemfundisha nusu ya jibu, naye anangoja nimpe nusu iliyobaki. Alingoja. 

Mwinjilisti aliweka mkono kichwani pangu akamwambia nyanya kwamba nimelelewa vizuri. Nyanya alisema, "Asante, mwalimu," kwa sauti ya mtu mwenye unga mdomoni.

Jina la jirani likaondolewa kwenye orodha. Aliambiwa ajaribu tena Askofu atakapokuja mara nyingine, baada ya miaka miwili au mitatu, akionekana amebadilika.

Pombe ilipikwa, ikachujwa, ikabebwa. Wazee walikwenda na kurudi wakiimba, kama alivyotabiri. Baba mdogo alioa, na mkewe ni mama mdogo mwema kwangu hadi leo. Nikimtazama akinimiminia chai siwezi kutamani ndoa ile isingekuwapo, na hilo ni moja ya mambo yanayonichosha.

Siku ya Askofu nilivaa nyeupe. Jirani alikuja mapema kuliko sisi sote, amevaa nguo zake za shambani, akaketi nyuma ya kanisa pamoja na wanawake waliokuwa wakimenya viazi vya wageni. Sisi tulipotoka tukiwa tumewekewa mikono tulipanga foleni ya chakula, na aliyekuwa akipakua alikuwa yeye. Alinijazia sahani, akanipa kwa mikono miwili. "Kula, mwanangu," aliniambia. "Mikono ya Askofu ni mizito, usije ukaanguka." Wanawake walicheka. Nilikwenda nyuma ya tangi la maji na sahani yangu, nikaiweka chini ikiwa bado imejaa.

Nyanya alianza kumpelekea maziwa. Alinituma mimi kila Jumanne na kibuyu kilichojaa hadi shingoni. Unajua kwetu chombo cha jirani hakirudi kitupu: ukiletewa maziwa unarudisha ndizi mbili, kiganja cha maharagwe, hata jani la mboga, ili njia isife. Kibuyu chetu kilirudi kimeoshwa vizuri, kimekaushwa, kimefunikwa, na ndani hakuna kitu. Nyanya alikifungua kila mara, akachungulia, akakifunika. Wiki baada ya wiki. Mara moja tu nilimsikia akisema, si kwangu, kwa kibuyu chenyewe, "Amenijibu."

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, jirani aliwaachia shemeji zake shamba, akafunga vitu vyake akashuka kwao Gachoka. Nyanya alisimama kwenye ua akimwangalia akiteremka, kikapu mgongoni, hadi ukungu ukamfunika. Nyanya alikuwa ameshika mkungu mdogo wa ndizi mkononi, nadhani aliukusudia uwe wa safari ya jirani. Tuliula sisi wenyewe.

Nilipokuwa sekondari nilipata ujasiri wa kumuuliza nyanya kwa nini hakusema. Alikuwa akichambua mchele, na hakujifanya hajaelewa. Alisema alikusudia kusema harusi ikipita. Harusi ilipopita akasema mavuno yapite. Kisha mwinjilisti akahamishwa, na mwinjilisti mpya hakujua habari hiyo, ikawa kama kumtonesha mtu kidonda ambacho hana. "Kila mara nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu, wajina," alisema. "Nilichokosa ni kutoka mlangoni." Hakuniuliza mimi kwa nini nilisema nilichosema. Nilitamani aniulize. Nadhani aliogopa ningemwambia nilijifunzia wapi woga.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Kwa kuwa mimi ndiye mwenye kalamu katika familia, nilipewa kazi ya kuandika wasifu wake wa kusomwa mazishini. Niliandika kwamba alitulea katika ukweli na alichukia uongo, hata ule mdogo wa sukari. Kila neno lilikuwa kweli. Nilisimama kando ya kaburi nikisikiliza wasifu ukisomwa, nikajua kwamba nimefanya tena kitu kilekile, mtu yuleyule, kanisa lilelile.

Kiangazi kilichofuata nilishuka Gachoka kumtafuta jirani. Haikuwa vigumu. Niliuliza sokoni, nikaelekezwa. Nilimkuta barazani akipepeta ndengu kwenye ungo, joto limelala juu ya kila kitu, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee. Nilipomsalimu aliinua kichwa akasema jina langu, ambalo pia ni la nyanya, na kwa sekunde moja sikujua ni nani kati yetu aliyemwita.

Tulizungumza kwa muda mrefu habari za mvua na za waliokufa. Aliniambia alibatizwa hukohuko chini kabla mwaka haujaisha, na kwamba hakuna aliyemuuliza habari za wimbi, maana huko kila mtu anao. Nilianza kufurahi. Aliona, hata kwa macho yale, akanikatiza. "Mungu hakunichelewesha," alisema. "Mlionichelewesha ni nyinyi. Na mimi nilitaka kubatizwa na nyinyi."

Nikamwambia nilichokuja kusema. Nikamwambia nilimsingizia.

"Hapana," alisema. "Ulisema kweli. Niliugeuza. Ila hukumaliza."

Nililia. Aliniacha nilie, akaendelea kupepeta. Niliomba msamaha, akasema alikwisha kunisamehe siku ileile ya viazi, mtoto ni mtoto, hakuna haja ya kumrudishia mtu kitu ambacho hakukidai. Kisha akaweka ungo chini. "Lakini mimi naijua habari hii," alisema. "Usiniletee mimi. Wapelekee wao."

Nilikwenda. Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, niliomba nafasi katika kanisa letu la mlimani, nikasimama mbele nikasema yote kwa mpangilio: wimbi ulikuwa wa nani, nani aliupeleka, nani alinyamaza, nani alisema nusu. Sasa kanisa ni la mawe, na walioketi mbele yangu wengi walikuwa hawajazaliwa mwaka ule. Walinisikiliza kwa heshima. Kijana mmoja alirekodi kwa simu. Nilipomaliza walinipigia makofi, mchungaji akashukuru kwa ushuhuda wenye kujenga, akaendelea na tangazo la mkutano wa vijana. Nilirudi kukaa nikiwa nimejifunza kwamba ukweli nao huhitaji watu wake, na watu hao hawakai wakikungoja milele.

Mmoja alikuwa amebaki. Baada ya ibada nilimwona kwenye kivuli cha ukuta, yule mzee wa ndama, amekongoroka, mikono yote miwili juu ya mkongojo. Nilimwendea nikamwinamia anibariki kama desturi. Nilidhani atakuwa ameshtuka. Nilianza kumwomba radhi kwamba nilimpotosha.

"Hukunipotosha," alisema. "Tulijua."

Sikumwelewa. Alinieleza kwa uvumilivu, kama anavyoelezwa mtoto. Wake zao walimwona nyanya akilowesha wimbi. Tena yeye mwenyewe alikuwa wa ukoo wetu, alikuwa mmoja wa waliorudi na zile kreti za soda, na pombe ilipokuwa tayari alikuwa kwenye msafara. Alipewa kikombe chake, akakinywa. Mwinjilisti peke yake ndiye hakujua, kwa kuwa alikuwa mgeni, lakini alikwisha kusikia kwamba kuna kimea kimeonekana, na ilibidi awepo mtu wa kukibeba.

"Basi mbona mliniuliza mimi, mzee?"

 Nadhani hakuwa amewahi kuulizwa. "Tulitaka kuwe na mtu aliyesema," alijibu, "ili tusiwe sisi. Neno lako lilikuwa dogo, tena safi. Tulilishika tukaenda nyumbani." Kisha akaniuliza watoto wangu wanasoma darasa gani.

Mwamba wa jirani siku hizi haupo. Shemeji zake waliuuza ukavunjwa kuwa kokoto, na akina mama wanaanika vitu vyao juu ya mabati au hawaaniki kabisa, wananunua unga wa pakiti. Ukungu wenyewe umepungua, wanasema ni msitu uliokatwa. Darasa la ubatizo huchukua Jumamosi tatu. Ningeweza kukaa hapa nikakuhesabia yaliyotoweka hadi chai ipoe, na mengi kati ya hayo nayalilia kwa moyo wote: jiko la nyanya, viganja vyeusi, maziwa ya kwapani. Ila kuna alasiri moja ambayo siililii kwa sababu ilikuwa tamu. Naililia kwa sababu ilikuwa wazi, kama mlango, kwa muda wa dakika labda mbili. Tulikuwa wanne tuliojua: nyanya, wazee wawili, na mimi. Mjane mmoja alikaa mbele yetu akatungoja kwa adabu. Mmoja tu kati yetu angetosha.